Nyumba ya Ushirika: Kila Kazi Iwe na Mwenyewe

Nyumba ya ushirika ikianza kuyumba, lawama ya kwanza huangukia tabia za watu: huyu mchafu, yule mvivu, wale hawajali. Wakazi huondoka, wanaingia wengine, na baada ya miezi michache sinki limejaa vyombo kama zamani. Ukichunguza utakuta kazi nyingi za nyumba hiyo hazina mwenyewe. Kila mtu anajua friji inahitaji kusafishwa. Hakuna aliyeambiwa aisafishe yeye, siku gani, na ikishasafishwa iweje.

Ninayoandika hapa yanafaa nyumba ya watu 6 hadi 20 wanaopika pamoja walau siku kadhaa za wiki na wanaojiamulia mambo yao. Mfano nitakaoutumia ni wa nyumba ya watu 12. Kanuni mama ni ileile iliyofuatwa na waasisi wa chama cha ushirika cha Rochdale, Uingereza, mwaka 1844: mwanachama mmoja, kura moja. Mwenye chumba kikubwa hana sauti kubwa zaidi, na mkazi wa miaka 8 hamzidi aliyeingia juzi. Lakini usawa wa kura haugawi kazi. Kazi lazima igawiwe kwa kalamu na karatasi.

Hesabuni saa kabla ya kupanga zamu

Nyumba nyingi hupanga zamu kwa kuorodhesha kazi na kumpa kila mtu moja au mbili. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, kwa sababu kutoa taka ni robo saa na kupikia watu 12 ni saa mbili. Gaweni saa, si idadi ya kazi.

Chukueni karatasi mwandike kila kazi ya wiki na muda wake halisi. Chakula cha jioni siku 5, wapishi 2 kwa saa 2 kila mmoja: saa 20. Kuosha vyombo baada ya chakula hicho, watu 2 kwa saa 1: saa 10. Bafu na vyoo 3, mara mbili kwa wiki, dakika 40 kila kimoja: saa 4. Jiko kusafishwa kwa kina, saa 2. Sakafu, ngazi na sebule, saa 3. Taka, saa 1. Manunuzi na kupanga stoo, saa 3. Mweka hazina saa 2, mratibu wa zamu saa 2, matengenezo madogo saa 3. Jumla ni saa 50. Mkigawanya kwa 12 mnapata kama saa 4 na dakika 10 kwa kila mtu.

Msiishie hapo. Katika watu 12 karibu kila wiki kuna mmoja anayeumwa, aliyesafiri au anayekabiliwa na mitihani. Gawanyeni kwa 11, mtapata kama saa 4 na nusu, na hicho ndicho kiwango cha kuweka. Nyumba iliyopanga saa 4 na dakika 10 haina pumzi: akikosekana mmoja tu, kazi yake inaelemea wale wawili au watatu ambao siku zote hawawezi kupita penye uchafu bila kuinama. Hao ndio watakaohama wa kwanza, na mtawapoteza wakazi wenu bora.

Kuna mazoea ya kubadilishana kazi kila wiki ili kila mtu aonje kila kitu. Yanasikika ya haki, ila kwa maoni yangu yanaharibu kazi. Asafishaye bafu mara moja kila miezi mitatu hajui dawa iko wapi, hajui pembe ipi huota ukungu, na hana aibu ya kuliacha nusu kwa sababu wiki ijayo si lake. Mpeni mtu kazi moja kwa miezi 3, kisha mbadilishe. Upishi peke yake ndio unaofaa kuzunguka. Kazi isiyotakiwa na mtu ipeni uzito: saa 1 ya vyoo ihesabiwe kuwa saa 1 na robo, na mtaona mikono inanyooshwa.

Andikeni "imekwisha" maana yake nini

Ugomvi kuhusu usafi mara nyingi ni wa watu wawili ambao wote wanaamini wamesema kweli. Mmoja anasema amesafisha, na amesafisha kweli, kwa kipimo cha kwao. Dawa yake ni kadi iliyopakwa plastiki nyuma ya mlango wa kila chumba cha pamoja, iandikwe na anayeifahamu kazi hiyo, mistari isizidi 10.

Kadi ya bafu inaweza kusomeka hivi. Toa vitu vyote vilivyo sakafuni na kando ya sinki. Mimina dawa ndani ya choo, iache dakika 10. Wakati inafanya kazi, futa kioo, bomba na sinki. Sugua kuta za bafu hadi kimo cha bega, kisha toa nywele kwenye tundu la maji kwa mkono wenye glavu. Rudi kwenye choo: sugua ndani, futa kitufe, kifuniko na kiti pande zote mbili, bawaba, na shina la choo pale linapokutana na sakafu. Piga deki ukianzia pembe ya mbali ukirudi mlangoni. Weka mfuko mpya wa taka na karatasi za choo 2 za akiba. Suuza vitambaa uvianike. Andika tarehe na jina.

Pale kwenye bawaba na kwenye shina ndipo harufu inapojificha, na ndipo kila asiye na kadi hupasahau. Vitambaa viwe vya rangi mbili, kimoja cha choo tu, kisiguse kitu kingine chochote. Na juu ya kadi, kwa herufi kubwa: dawa ya klorini isichanganywe na siki, na dawa ya kuondoa magadi (ukoko mweupe unaoachwa na maji), wala na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na bafu dogo lisilo na dirisha ni mahali pabaya kuliko pote pa kuivuta.

Jiko

Jiko ndilo moyo wa nyumba na ndilo mara nyingi huibomoa. Sheria ya kwanza ni kwamba wapishi waoshe masufuria, visu na mbao zao za kukatia kabla chakula hakijapakuliwa. Wakiwaachia waoshaji, zamu ya saa 1 inakuwa saa 2, na waoshaji wanaanza kuwachukia wapishi wanaopika vitu vinavyoganda. Sheria ya pili ni ya kuloweka. "Nimeloweka tu" ni kisingizio kinachoweza kukaa siku tatu. Chombo kinacholowekwa kiwe na kipande cha karatasi chenye jina na saa, na kiwe kimeoshwa kabla mwenyewe hajalala.

Anayekula ajiandikishe kabla ya saa sita mchana. Atakayechelewa aandike, na wapishi wamtengee sahani yenye jina kabla watu hawajaanza kupakua, maana baada ya hapo haitengeki. Kwa vipimo, kadirieni gramu 80 za mchele mkavu kwa mtu, yaani karibu kilo moja kwa watu 12, na gramu 70 za maharage makavu, yaani gramu 840. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, na nusu saa ni salama zaidi. Maharage mekundu yasiyoiva sawasawa yana sumu inayotapisha, na kuyaacha kwenye moto mdogo usiochemsha hakuiondoi. Mpishi mgeni hukosea zaidi kwenye muda kuliko kwenye kipimo: sufuria la lita 15 huchukua muda mrefu sana kuchemka kuliko la nyumbani kwao, hivyo maji yawekwe jikoni kabla hata kitunguu hakijamenywa.

Mwenye mzio wa chakula awe na kikaango, kijiko na ubao wake, vyenye alama, vinavyotundikwa mahali pake. Kumtegemea kila mpishi akumbuke ni kumweka hatarini.

Chakula kilichobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa 2. Msiingize sufuria zima likiwa moto, kwa sababu katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi na huko vijidudu huzaana. Kigaweni kwenye vyombo bapa, kina kisichozidi sentimita 5, mbandike tarehe, na baada ya siku 4 kitupwe. Wekeni kipimajoto ndani ya friji: kisome nyuzi 4 au chini. Friji ya watu 12 hufunguliwa mara nyingi mno, na mara nyingi inasoma 8 au 9 bila mtu kujua. Nyama mbichi ikae rafu ya chini kabisa. Vya binafsi viwe ndani ya boksi lenye jina, na siku moja ya wiki, ileile daima, msimamizi wa friji atupe kisicho na jina wala tarehe bila kumuuliza mtu. Mkimlazimisha aulize, hatatupa kamwe.

Kwa stoo, chora mstari wa wino kwenye kila ndoo ya nafaka. Nafaka ikifika mstarini, jina lake linaandikwa kwenye ubao wa manunuzi. Ya zamani itumike kwanza, na mpya isimwagwe juu yake. Nafaka mpya ikikaa kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4 kabla ya kuhifadhiwa, mayai ya fukusi hufa. Ndoo moja iliyoingia wadudu inaweza kuambukiza stoo nzima, kwa hiyo usumbufu huo mdogo una faida yake.

Fedha

Kodi ya vyumba visivyolingana huleta manung'uniko ya chinichini. Njia ninayoiona ya haki ni kugawa nusu ya gharama za jengo kwa idadi ya watu na nusu kwa ukubwa wa vyumba. Tuseme jengo linagharimu 1,200 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote mnayotumia, na vyumba 12 vina jumla ya mita za mraba 120. Nusu ya kwanza, 600, kwa watu 12 ni 50 kila mmoja. Nusu ya pili, 600 kwa mita 120, ni 5 kwa kila mita. Mwenye chumba cha mita 8 atalipa 90, mwenye mita 14 atalipa 120. Chakula, maji na umeme vigawiwe sawa kwa kichwa. Pangeni bajeti kana kwamba vyumba 11 tu ndivyo vyenye watu, kwa sababu chumba kukaa wazi mwezi mmoja baada ya mtu kuhama ni jambo la kawaida.

Akiba ya vifaa isitungwe kwa kubahatisha. Orodhesha kila kifaa kikubwa, bei ya kukibadilisha na miaka kilichobakiza. Friji ya 600 iliyobakiza miaka 5 inadai 10 kwa mwezi. Fanya hivyo kwa jiko, mashine ya kufulia, tangi la maji ya moto, rangi ya kuta, kisha jumlisha. Mashine ya kufulia inayohudumia watu 12 huzeeka upesi kuliko ya familia, kwa hiyo usiitabirie maisha marefu. Fedha hiyo ikae akaunti ya peke yake, vinginevyo italiwa kidogokidogo na bili za mwezi.

Malipo yatoke kwa idhini ya watu wawili. Mkaguzi asiwe mweka hazina. Kila mwezi ukurasa mmoja ubandikwe ukutani: salio la kuanzia, zilizoingia, zilizotoka, salio la mwisho, na deni la kila chumba. Kwa matumizi madogo tumieni kijaluba chenye kiasi kisichobadilika, tuseme 100. Wakati wowote, pesa taslimu pamoja na risiti zilizomo lazima zifike 100, na zisipofika inajulikana siku hiyohiyo.

Deni ndilo humshinda mweka hazina mwenye haya. Anaona aibu kumkumbusha rafiki, mwezi unapita, wa pili unapita, na wa tatu deni limekuwa kubwa kiasi kwamba mdaiwa anaanza kumkwepa jikoni. Mwondoleeni mzigo huo kwa kuweka tarehe mapema: siku ya 5 ukumbusho wa maandishi unaokwenda kwa kila aliyechelewa, siku ya 10 mazungumzo na mpango wa kulipa uliotiwa saini, siku ya 30 suala linaingia kwenye kikao. Mtu aliyepoteza kazi asaidiwe kwa uamuzi wa wazi, kwa mfano kulipa nusu kwa miezi 2 na kuongeza saa za zamu. Msaada wa kimyakimya unaotokana na woga wa mweka hazina ni dhuluma kwa wengine.

Zamu ikikosewa

Faini ya fedha ndiyo hufikiriwa kwanza, nami nasihi muiache. Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 matokeo ya jaribio lililofanyika katika vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Vituo vilianza kutoza faini wazazi waliochelewa kuwachukua watoto, na wachelewaji wakaongezeka. Faini ilipofutwa, hawakurudi idadi ya mwanzo. Kuchelewa kulikuwa kumegeuka huduma yenye bei. Katika nyumba ya pamoja ni vilevile: mwenye kipato atalipa faini na kulala, na choo kitabaki kama kilivyo.

Kinachofanya kazi ni kurudisha saa kwa saa. Aliyekosa zamu aifidie ndani ya siku 7, kwa kazi atakayopewa na mratibu, si atakayoichagua. Kubadilishana zamu kuruhusiwe, mradi wote wawili waandike ubaoni, na jukumu libaki kwa yule ambaye jina lake ndilo la mwisho kuandikwa. Deni la zamu likifika jumla ya saa 5, mratibu akae naye faragha aulize kuna nini. Mara nyingi ratiba ya masomo au ya kazi imebadilika, na kuhamisha zamu kutoka jioni kwenda asubuhi kunatosha. Likifika saa 10, liende kikaoni. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliona katika utafiti wake wa jamii zinazotunza malisho, misitu na mifereji kwa pamoja kwamba zinazodumu huanza na adhabu ndogo na kupanda taratibu kwa anayerudia. Nyumba inayonyamaza miezi sita kisha ikamfukuza mtu kwa usiku mmoja inafanya kinyume chake.

Kikao

Kila wiki mbili, dakika 90, basi. Ajenda ifungwe saa 48 kabla, na kila jambo liwe na jina la aliyelileta, dakika zake, na neno moja: taarifa, mjadala au uamuzi. Taarifa zisomwe ukutani, zisile muda wa watu. Akidi iwe theluthi mbili, yaani watu 8 kati ya 12. Tafuteni maafikiano kwanza. Jambo lisipoafikiwa katika vikao viwili, lipigiwe kura na lipite kwa robo tatu ya waliohudhuria. Bila mlango huo wa kura, mtu mmoja mwenye subira ya kubisha anaweza kuitawala nyumba nzima.

Muhtasari utoke ndani ya saa 24. Lakini kuna daftari la pili ambalo nyumba chache huwa nalo na kila nyumba inalihitaji: daftari la maamuzi, lililopangwa kwa mada. Wageni, kelele, wanyama, friji. Mtu akiuliza mgeni anaruhusiwa kulala usiku ngapi, jibu liwe mstari mmoja wenye tarehe, kama vile "usiku 3 katika kila siku 14, zaidi ya hapo idhini ya kikao." Bila daftari hilo mtajadili wageni kila mwaka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Ugomvi wa watu wawili usiletwe kikaoni ukiwa mbichi. Wakutane ndani ya siku 7 na mkazi wa tatu waliyemkubali wote, na kikao kiambiwe tu kilichokubaliwa ikiwa kinawagusa wengine.

Matengenezo na kupokezana

Karibu na mlango mkuu bandikeni ramani ya nyumba inayoonyesha valvu kuu ya maji, swichi kuu ya umeme na valvu ya gesi. Kila mkazi mpya afunge na kufungua kila moja kwa mkono wake wiki ya kwanza, isipokuwa ya gesi, ambayo aonyeshwe tu. Ving'amuzi vya moshi vibonyezwe kila mwezi na vibadilishwe vikifika miaka 10. Mafuta yakishika moto kikaangoni, zima jiko, funika kwa mfuniko, usimwage maji, usikibebe.

Bili ya maji ikipanda bila sababu, anzieni vyooni. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, mtu asivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana chini kwenye bakuli, mpira wa kuziba ulio ndani ya tangi umechakaa au umeshika magadi. Uvujaji huo hauna sauti, na unaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku. Mpira wenyewe ni rahisi, na kuubadilisha hakuhitaji fundi: funga maji, vuta tangi liishe, chomoa mpira, pachika mpya wa kipimo kilekile, fungua maji ujaribu tena kwa rangi.

Mkazi mtarajiwa aalikwe kula mara 2 na ashiriki zamu moja kabla ya kupigiwa kura. Kwenye zamu ndipo mtakapomjua, na yeye atawajua. Miezi 3 ya kwanza iwe ya majaribio kwa pande zote. Anayehama atoe notisi ya maandishi ya siku 60, chumba kikaguliwe na watu wawili kwa picha zilizopigwa siku aliyoingia, na amana irudishwe ndani ya siku 14 pamoja na karatasi ya makato kama yapo.

Anayeachia wadhifa awe na wiki 2 za kufanya kazi bega kwa bega na anayeupokea, hasa mweka hazina. Faili lake liwe na tarehe za bili zote, mikataba, majina ya waweka saini benki, orodha ya madeni na nakala ya bajeti ya mwaka. Saini ya zamani ifutwe benki kabla mtu hajahama, kwa maana akishaondoka, kumpata aje kutia saini kunaweza kuchukua miezi, na katika muda huo akaunti ya nyumba inabaki chini ya mtu asiyeishi humo.